Kwa Nini Nilikula Muthokoi Nikiwa Nimesimama

Mutheu wangu,

Salamu siandiki, kwa sababu tumeagana mlangoni sasa hivi na kikombe chako bado kina chai ya moto hapa mezani. Umeenda kumuaga Susu. Bila shaka umemkuta nyanya yako amejifunika blanketi mbili kwenye jua hili la saa tisa, anakohoa; usiwe na wasiwasi wala usifikirie bodaboda ya kumpeleka hospitali. Susu ni mzima. Jana nilimkuta anapasua kuni. Kikohozi kile nakijua tangu nilipokuwa kijana, na nitakueleza kilianzaje.

Mama yako ameshakuagiza ya kutosha: soksi, sweta, dawa, na jinsi ya kukaa na baridi ya Eldoret. Mimi maagizo sina. Nina jambo moja tu la kukuambia. Linahusu ule mwaka mzima uliokaa hapa nyumbani bure kwa sababu ya kitambulisho. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu Jumapili. Jumatatu nilifungua kinywa nikajikuta nakuuliza kama mbuzi wamekunywa maji. Jumanne nikakuuliza tena. Ukanitazama ukasema, "Baba, kwani hawa mbuzi wamekukosea nini?" Basi nimechukua karatasi. Ninaogopa sana, mwanangu, na nikianza kuzungukazunguka nivumilie, nitafika.

Nianze na kikohozi. Nilipokuwa na miaka mitano tu kazini, ilikuja barua ya uhamisho: niende Mtito Andei, niwe naibu wa mwalimu mkuu. Nilishashona hadi suti. Susu hakuwa anajua kusoma, kwa hiyo alimwita pasta amsomee. Pasta hakufika hata mwisho wa barua. Susu alikuwa chini, anakohoa kama trekta inayokataa kuwaka. Alisema Mtito ni mlangoni pa Tsavo, na simba wa huko wanamjua mwalimu kwa harufu ya chaki. Nikaandika kuomba nibaki. Siku jibu liliporudi kwamba nimekubaliwa, kikohozi kikaisha, akaenda shambani kulima.

Uhamisho wa pili ulikuwa wa Malili. Malili iko barabarani kabisa, simba hakuna, nikajua nimepata. Susu akasema huko kuna malori. Akakohoa wiki tatu. Wa tatu ulikuwa wa Mwingi, na Mwingi ni hapa tu, mtu unaenda asubuhi na jioni uko kwako unakula. Hata huo aliukohoa. Ndiyo sababu nimefundisha Kiingereza shule moja ya hapa Nuu miaka ishirini na minane. Siku hizi nawafundisha watoto wa wanafunzi wangu wa kwanza, na nasahihisha makosa yaleyale niliyowafundisha wazazi wao.

Nilimkasirikia mama yangu, Mutheu. Kila niliposikia mwenzangu amekuwa mwalimu mkuu mahali, nilirudi nyumbani nikapita mbele ya mlango wake bila kusalimia. Niliapa kwamba mtoto wangu akipata nafasi ya kwenda, hakuna mtu atakayemkoholea. Na kweli mimi sikukukoholea. Nilifanya jambo baya zaidi.

Kitambulisho chako kilifika Julai.

Hakikufika Februari kama unavyojua. Kilifika Julai, miezi miwili kabla ya siku yako ya kuripoti chuoni. Chifu alinipa mkononi, kwa sababu nilimfundisha na aliona anamsaidia mwalimu wake asipige safari mbili. Nilikitia mfukoni nikiwa na nia njema kabisa. Nilipofika pale tunapofukua maji kwenye mchanga wa mto, nikakaa, nikakitoa nikakitazama. Picha mbaya, kama picha zote za vitambulisho. Umekunja uso utadhani umemshika mwizi wa kuku. Nikaona sura hiyo haitakuwepo tena mezani asubuhi kuniambia shati langu halijapigwa pasi. Nikasema, nitampa kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu nikakiweka ndani ya ile kamusi kubwa ya Kiingereza, kwa sababu katika nyumba hii hakuna mahali salama zaidi. Hata mimi mwenyewe huwa siifungui.

Halafu ikawa ni wewe kila wiki: "Baba, leo utapitia kwa chifu?" Nami nasema nitapita. Nilikuwa nafika pale dukani mkabala na ofisi ya chifu, nakaa kwenye kreti, nacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilicheza sana mwaka ule, hadi hakuna aliyeweza kunifunga. Nikirudi nakuambia, "Bado." Wewe unasema, "Pole, Baba, umechoka," unaniletea maji ya kuosha miguu.

Septemba ikafika, chuo kikataka kitambulisho, hukuwa nacho, nafasi yako ikaenda kwa mtu mwingine. Ulilia jikoni ukamwambia mama yako ni moshi. Nilikuwa nje karibu na dirisha na nilisikia kila kitu. Sikukitoa hata hapo. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo.

Sasa nije kwa muthokoi.

Unakumbuka Januari ulipoenda kuchukua cheti chako cha kumaliza shule? Wenzako mwalimu mkuu aliwaandikia kwamba wana adabu, wana bidii, wanapenda Mungu. Wewe alikuandikia neno moja peke yake: tenacious. Uliingia nyumbani unakipeperusha. "Baba, wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza. Hili neno ni nini?"

Sikulijua. Leo nakiri. Nilikohoa kidogo, nadhani ni kikohozi cha kurithi, nikasema, "Ni sifa nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri sana."

"Inamaanisha nini, Baba?"

"Inategemea sentensi."

"Hakuna sentensi. Ni hilo tu." Ukafikiri kidogo, ukasema, "Basi ngoja nilete kamusi."

Aiya! Sijawahi kuruka vile tangu niache kucheza mpira. Nilikuwa wa kwanza kufika kwenye rafu, nikaikumbatia. Ukasema, "Nipe nitafute." Nikasema, "Nitakutafutia." Ukasema, "Baba, ni kamusi tu," ukashika upande mmoja. Mimi nikashika upande wa pili. Tukavutana, mwalimu mzima na binti yake, mpaka jalada likabaki mkononi mwako na kurasa zikabaki kwangu. Na kitambulisho kikadondoka.

Wewe ulikuwa unaangalia jalada. Mimi niliona kikianguka kifudifudi kwenye sakafu, nikakikanyaga kwa gambuti.

Sasa unaelewa ule usiku. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya kitabu. Mama yako akapakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe bado yanatoka mvuke, akasema, "Baba Mutheu, keti ule." Nikasema mgongo unauma, leo nitakula nikiwa nimesimama. Nikala hapo hapo katikati ya nyumba, sahani mkononi, mguu mmoja haunyanyuki. Ukaniletea kiti nikakataa. Ukaniletea dawa ya kuchua, ukataka kunichua mgongo, na kwa sababu sikuweza kugeuka ukanichua tumbo. Mama yako alikuwa ananiangalia miguu. Yule mwanamke amefuga mbuzi miaka mingi, anajua mnyama anayeficha mguu. Alisubiri mpaka ulipoenda kuoga. Kisha akasema neno moja: "Rudisha."

Nilisubiri mkalale wote, nikainua gambuti. Nikasema angalau nitafute lile neno, nisilale mjinga na mwizi kwa pamoja.

Nililisoma mara tatu. Maana ya kwanza ni mtu anayeshika kitu imara, haachilii. Maana nyingine ni kitu kinachonata, kama ule utomvu wa mti unaokataa kutoka kwenye vidole hata kwa mafuta ya taa. Wanalitumia pia kwa kumbukumbu isiyosahau, na kwa mtu ambaye akishaanza jambo hakuna wa kumrudisha nyuma. Halafu mwishoni, kwa maandishi madogo ya kuua macho, wameweka asili yake: Kilatini, tenere, yaani kushika. Na lina ndugu wengi. Tenant, mpangaji, ni mtu anayeshika nyumba isiyo yake. Hata tennis, mchezo wa watu wa soksi nyeupe, wanasema ni wa ukoo huo. Nilifurahia hayo kwa dakika moja, kwa maana ualimu ni ugonjwa. Kisha nikaona mkono wangu wa kushoto bado umeshika kitambulisho cha mtoto wa watu. Mtoto wangu, sawa, lakini jina lililoandikwa pale lilikuwa lako.

Najua mwalimu mkuu alikukusudia wewe. Alikuona Jumamosi tatu mfululizo umelala kifudifudi juu ya pampu ya kisima cha shule, grisi hadi masikioni, mafundi wameshasema imekufa, na wewe ukaifufua. Ndipo ulipoanza habari za kusomea mashine za kuchimba visima. Mimi nilitaka uwe mwalimu hapa hapa, tuwe tunaenda kazini pamoja. Usiku ule nilihisi kama yule mama mwalimu mkuu ameniona mimi kwa dirisha, akaniandika mimi.

Maana hiyo ndiyo tabia yangu, Mutheu, ya tangu zamani. Unakumbuka ya punda? Ulikuwa darasa la sita. Kila mtu hapa anajua kamba ya punda haizungushwi kwenye kifundo cha mkono, watoto wa chekechea wanajua. Mimi niliizungusha mara tatu, kwa sababu punda alishanikimbia siku mbili kabla na niliona aibu. Tukashuka mtoni na mitungi, wakapita wafugaji na ngamia wao. Punda wetu hakuwa amewahi kuona ngamia. Aliondoka nami. Nilikokotwa juu ya mchanga, mtungi mmoja huku, mwingine kule, moja kwa moja katikati ya akina mama wa mwethya waliokuwa wamekusanyika kwa kazi ya pamoja, wanajenga lile bwawa la mchanga. Wote wakapiga kelele, "Mwalimu, achilia! Mwalimu, achilia!" Nikawajibu kwa Kiingereza kwamba kila kitu kiko sawa.

Unawajua akina mama wa mwethya. Ukifanya jambo, zuri au baya, wiki ijayo liko kwenye wimbo na majembe yanaenda nalo. Waliimba punda amempeleka mwalimu safari, mwalimu hakuuliza anaenda wapi. Waliuimba mpaka bwawa likaisha. Nilinuna mwezi mzima.

Na mahindi je? Misimu sita nilipanda mahindi kwenye udongo huu, mvua ikinyesha siku nne inakata, nami nasema msimu ujao. Bwana Kilimo alikuja kwa pikipiki kunisihi nipande ndengu na mtama. Nikamwambia babu yangu alikula mahindi. Mama yako alichukua upande wake wa shamba akapanda ndengu kimya kimya, na ndizo tulizokula misimu yote sita. Mimi nilikuwa nakula na bado nazisema vibaya. Huyo ndiye baba yako. Nilikuwa naita hiyo msimamo, na nilikutolea mfano wangu mwenyewe ukiwa mdogo, nakuomba radhi kwa hilo pia.

Kamusi haisemi mtu aachilie lini. Nilitafuta, hata kwenye yale maandishi madogo.

Ilinichukua wiki tatu nyingine kwenda kwa chifu. Nilimwekea kitambulisho mezani nikamwambia, "Mpe wewe, kama kimekuja leo." Akakigeuza, akaona alama ya gambuti. Akasema, "Mwalimu, hiki si ndicho nilichokupa Julai?" Nikatazama gambuti zangu. Akasema taratibu, kwa heshima zote, "Mwalimu, darasa la nne ulinichapa kwa kumfichia mwenzangu kitabu. Fimbo nne. Bado nazikumbuka." Nikamwambia pole. Akanicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akasema atakupigia simu.

Ulivyokipata! Ulikuja mbio kutoka barabarani, umeshika viatu mkononi, ukanikumbatia mbele ya wanafunzi wangu. Ukasema, "Asante, Baba, ni kwa sababu hukuchoka kwenda." Ukachinja yule jogoo wako mwenyewe, ukanipa firigisi. Niliimeza firigisi ile, Mutheu, na sijui ilipitia wapi.

Ningeweza kunyamaza hata hapo. Mwaka umeshapotea, nafasi mpya umeipata, kuna faida gani? Hivyo ndivyo nilivyojiambia mpaka Machi, tulipochimba mitaro ya shamba kabla ya mvua. Nilifika na koleo langu, nikakuta akina mama wameshaanza wimbo mpya. Sikuusikia vizuri mwanzoni. Walikuwa wanaimba kwamba kuna baba mwenye miguu ya chuma, ameenda kwa chifu mara kumi na nne, jua likimchoma, kwa ajili ya binti yake. Ni wewe uliyewaambia. Ulikuwa umesimama katikati yao na jembe, unaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, unanitazama kwa fahari.

Wakanivuta katikati. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheza. Nilirusha mabega. Mama Kasyoka alinipa kibuyu cha uji kwanza, kabla ya wazee. Niliurudia ule wimbo moyoni siku nzima nikitamani waniimbie wa punda, kwa sababu ule wa punda ulikuwa kweli.

Wanauimba bado. Nimesikia hata sokoni wanaujua. Na kesho wewe utaupeleka Eldoret. Utakaa na wasichana wenzako bwenini, kila mtu anaeleza habari za baba yake, nawe utawaambia wako alitembea mara kumi na nne. Hilo siwezi. Heri uwaambie baba yako alikuwa mwoga akakuibia mwaka mmoja. Utakuwa umewaambia habari zangu za kweli, na labda siku moja mtapata la kucheka hapo kwenye muthokoi.

Sikukificha kitambulisho kwa kudhani hutaweza. Nilijua utaweza, ndicho kilichonitisha. Nilijua ukishaona mashine kubwa zinazotoboa mwamba, nyumba hii itakuwa mahali pa kuja Krismasi. Nilitaka mwaka mmoja zaidi wa kuambiwa shati langu halijapigwa pasi. Nikauchukua bila kukuomba, na ulikuwa wako, na siwezi kuurudisha. Nisamehe, mwanangu. Nakuandikia neno hili mara moja tu kwa sababu nikiliandika mara nyingi nitajihurumia, na wa kuhurumiwa ni wewe.

Unisaidie jambo moja kuhusu Susu. Kila ukienda kumuaga, mwache akohoe. Mshike mkono, mwambie utampigia simu kila Jumapili, halafu simama uondoke. Mimi nilikuwa nakaa chini tena. Baada ya barua hii nitaenda kwake mwenyewe. Kuna salamu nyingi nilizompita nazo, na nimechelewa kujua kwamba alikuwa anaogopa tu.

Mpango wangu ulikuwa kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya mablanketi, uikute ukiwa Eldoret na mimi niko hapa mbali, salama. Nilikuwa nimeshaikunja. Mama yako ameingia sasa hivi kutafuta sindano, akaniona nainua mablanketi. Ameichukua, akaisoma yote akiwa hapo hapo, hakukunja uso wala hakucheka, hata kwenye mahindi. Akanirudishia. Akasema, "Na hii pia unaificha?"

Kwa hiyo nakusubiri hapa mezani. Nakusikia unafungua geti, unamwimbia mbuzi ule wimbo wangu. Nitakupa barua mkononi na nitakaa papo hapo ukisoma, usifupishe kwa kunihurumia. Ukimaliza uniambie chochote unachotaka, hata kwa kelele, majirani wasikie. Na kesho, kama utataka mama yako peke yake akusindikize, nitabaki na nitaelewa. Lakini nimeshapiga pasi shati.

Baba yako